Pikipiki Isiyopanda Mlima

(Haya ni mazungumzo ya karakana yetu mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa maana wengi waliokuwako waliomba wayasome tena nyumbani, pikipiki ikiwa mbele yao.)

Tunajua leo ni siku ya soko na kila mmoja ameacha kazi yake. Kwa hivyo hatutawachosha na hotuba ndefu. Tutaongea juu ya kitu kidogo cha chuma, kinachotoshea kwenye kiganja, ambacho kilikula akiba ya kikundi kimoja ya mwaka mzima na karibu kikivunje kikundi chenyewe.

Kikundi hicho hatutakitaja jina. Ni kina mama wa upande wa mlimani. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi huko, alipomaliza muda wake na kurudi kwao, aliwaachia pikipiki yake, Yamaha DT 125 R, ile ndefu ya matairi ya kashata. Kina mama waliishukuru sana. Siku mbili kwa wiki ilipeleka dawa kutoka zahanati mpaka vijiji vya juu. Siku nyingine ilibeba mayai mpaka senta, na pesa ya mayai ndiyo iliyonunua petroli. Kijana mmoja wa pale ndiye aliyepewa ufunguo.

Baada ya muda pikipiki ikaanza kuchoka. Inawaka vizuri. Kwenye tambarare inaenda. Lakini ikifika pale kwenye mwinuko, ikiwa na mtu nyuma au kreti za mayai, inakosa pumzi. Kijana anashuka, anasukuma. Wakaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akasema pistoni imekwisha na silinda lazima ichongwe. Shilingi elfu kumi na nane. Kina mama wakafungua sanduku, wakahesabu, wakatoa. Pikipiki ikarudi na pistoni mpya, na mwinuko ukaishinda vilevile.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema kijana ameiharibu kwa kuendesha vibaya. Wengine walisema ameuza vipuri vya ndani. Wengine wakamgeukia mweka hazina, wakauliza kama kweli fundi alilipwa elfu kumi na nane zote. Kijana akaweka ufunguo mezani akaenda zake. Ndugu zetu, hivi ndivyo vikundi vinavyokufa. Havifi kwa kukosa pesa tu. Vinakufa kwa kutokujua, kwa sababu mtu asiyejua ugonjwa uko wapi humtafuta wa kulaumu.

Pikipiki ilipoletwa kwetu hatukukuta mwizi. Tulikuta masizi.

INJINI INAYOKULA OILI YAKE

Kwanza tuelewane juu ya injini. Pikipiki nyingi za boda boda mnazoziona siku hizi ni za foo-stroki. Oili yake inakaa chini, inazunguka humo humo, na inabadilishwa baada ya muda. Injini ya tu-stroki ni tofauti. Oili yake inachanganyika na petroli, inapita ndani ya injini ikilainisha njiani, halafu inaungua na kutoka kama moshi. Ndiyo maana mnaona ule moshi wa samawati nyuma yake. Pawa so ya kukata mbao ni ya namna hiyo, na pia zile pampu za injini za kubeba mgongoni za kunyunyizia dawa kwenye kahawa.

Sasa, oili ikiungua haiungui yote. Fikirini juu ya paa la jikoni mahali moto wa kuni unawaka kila siku. Mwaka wa kwanza ni weusi mdogo. Mwaka wa tano masizi yananing'inia. Katika tu-stroki masizi hayo hushika kwenye tundu la kutolea moshi na ndani ya ekzosi. Yakipata joto jingi yanakuwa magumu kama lami iliyokauka. Mtu akitumia oili isiyo ya tu-stroki, au akizidisha oili akidhani ni kuihurumia injini, masizi yanakuja upesi zaidi.

LANGO LA MFEREJI

Injini hii haina valvu za kawaida za kutolea moshi. Silinda ina matundu ubavuni. Pistoni ikishuka inafungua tundu la moshi, ikipanda inalifunga. Basi urefu wa tundu hilo ndio unaoamua moshi uanze kutoka lini. Tundu likiwa refu kwenda juu, pistoni inalifungua mapema. Hiyo ni nzuri injini ikizunguka kwa kasi sana, maana moshi unahitaji nafasi ya kutoka haraka. Lakini injini ikienda polepole, kwa mfano mkiwa mnapanda mlima na mzigo, tundu refu linaachilia nguvu itoke kabla haijamaliza kusukuma pistoni, na petroli mbichi inatoka pamoja nayo. Tundu fupi linafaa kwa polepole, lakini linabana kwa kasi.

Watengenezaji walikuwa wakichagua kimoja, hiki au kile. Halafu miaka ya 1970 Yamaha wakaja na dawa. Waliweka juu ya tundu la moshi kipande cha mviringo chenye mkato ubavuni, kinachozungushwa. Kikigeuzwa hivi, tundu linakuwa fupi. Kikigeuzwa vile, linakuwa refu. Walikitumia kwanza kwenye pikipiki za mashindano, na mwaka 1978 Mmarekani Kenny Roberts alichukua ubingwa wa dunia wa 500 cc akiwa na Yamaha. Mwaka 1983 kitu hicho kikaja kwenye pikipiki ya barabarani ya RD 350, na baadaye kwenye 125 za njia mbaya. Makanika wanakiita pawa valvu.

Nyinyi mnaotumia mifereji ya kunyweshea mashamba mnakijua kitu hiki tayari. Ndugu zetu Wamarakwet wa Bonde la Kerio wamechimba mifereji ya namna hiyo kwa vizazi vingi. Pale penye mgawanyo wa maji pana lango. Mvua ikiwa nyingi unalifungua lote. Wakati wa kiangazi unalishusha ili maji machache yawe na nguvu ya kufika shamba la mwisho. Lango likikwama wazi, shamba la mwisho linakauka. Likikwama chini, mvua kubwa ikija mfereji unafurika. Pawa valvu ni lango la moshi, hakuna zaidi ya hapo.

Nani analigeuza? Kwenye Yamaha hii kuna mota ndogo ya umeme iliyofichwa chini ya tangi. Inavuta kebo mbili zinazokwenda kwenye puli ndogo ubavuni mwa silinda. Kebo moja inafungua, nyingine inafunga. Kisanduku cha umeme kinahesabu mizunguko ya injini na kuiambia mota igeuze kiasi gani. Pikipiki nyingine za mashindano hazina mota. Zina gololi na springi ndani ya injini, zinazotanuka kwa kasi na kusukuma fimbo. Njia ni tofauti lakini lango ni lile lile, na masizi ni yale yale.

DALILI

Msikimbilie kufungua. Angalieni kwanza.

Dalili ya kwanza: pikipiki haina nguvu kwa mizunguko ya chini, inakataa kupanda, lakini ukiilazimisha ikakolea inaenda. Hapo mshuku valvu imekwama wazi.

Dalili ya pili: inatoka vizuri, inavuta, halafu inafika mahali inakataa kuongeza hata ukikaza mkono. Hapo mshuku imekwama ikiwa imefungwa.

Dalili ya tatu ni ya masikio. Washeni swichi bila kuwasha injini, mahali palipo kimya. Kwenye nyingi za Yamaha hizi mota inavuma kidogo, puli inakwenda na kurudi. Inajipangusa. Kama hamsikii kitu, angalieni fyuzi, betri na plagi za waya. Kama inavuma kwa shida na puli haisogei, basi valvu imeshikwa na masizi. Msiendelee kuendesha namna hiyo, maana mota inayosukuma kitu kisichosogea huungua, na mota ni ghali kuliko valvu.

Dalili ya nne ni ya macho. Oili nyeusi inayochuruzika ubavuni mwa silinda karibu na puli inaonyesha mpira wa kuzuia umekufa.

Jambo moja la kuangalia kwa pikipiki zilizotoka Ulaya. Kule Uingereza, kuanzia 1983, mtu anayejifunza alizuiwa kuendesha zaidi ya 125 cc na zaidi ya nguvu farasi 12. Kwa sababu hiyo baadhi ya 125 ziliuzwa nguvu zikiwa zimefungwa, nyingine bila mota wala kebo. Kama yenu ni ya namna hiyo, msimtukane fundi kwamba ameiba mota. Huenda haikuwahi kuwako.

VIFAA

Hamhitaji karakana kubwa. Mnahitaji alen ki, spana namba 8 na 10, bisibisi, brashi ya nyuzi za shaba, mafuta taa kwenye kopo, vijiti vya mti mgumu au mwanzi vilivyochongwa kama patasi, kitambaa safi, tochi, na kalamu ya rangi au uzi mwekundu. Nunueni mapema mipira ya duara na oili sili mpya za valvu. Pelekeni dukani namba ya modeli na, ikiwezekana, zile za zamani mkononi. Tandikeni gunia safi, na juu yake katoni ya mayai. Kila bolti iingie kwenye shimo lake kwa mpangilio iliyotoka. Hiyo katoni imetuokoa mara nyingi kuliko kitabu.

Na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Kuna watu husafisha ekzosi ya chuma kwa kostiki soda. Kwa chuma, masizi yanatoka kweli. Lakini silinda hizi, na valvu nyingi za namna hii, ni za aluminiamu, na kostiki soda inakula aluminiamu. Mtaitumbukiza jioni, na asubuhi mtakuta imeliwa kama muhindi uliopitiwa na fukusi. Kostiki soda isiguse valvu wala silinda. Msitumie msasa wala tupa pia. Valvu imepimwa ikae karibu sana na pistoni bila kuigusa. Ukiikwangua unaifanya ilegee.

Mafuta taa yawe mbali na jiko, na watoto mbali na kopo.

KUFUNGUA

Osheni pikipiki kwanza. Mchanga unaoanguka ndani ya silinda ni adui kuliko masizi. Injini iwe imepoa. Fungeni koki ya petroli, toeni waya wa betri, toeni plagi ya moto.

Toeni ekzosi pale inapoingia kwenye silinda. Sasa chungulieni kwa tochi. Mtaona tundu la moshi, na juu yake ukingo wa valvu. Sukumeni puli kwa kidole taratibu. Kama ukingo unapanda na kushuka, valvu ni huru na ugonjwa uko kwa kebo au kwa umeme. Kama hausogei, endeleeni.

Toeni kifuniko kidogo cha puli. Kabla ya kulegeza kitu, wekeni alama. Fungeni uzi mwekundu kwenye kebo ya juu na andikeni kwenye daftari: nyekundu, juu. Chorezeni puli imekaaje. Tutawaambia baadaye kwa nini tunasisitiza.

Legezeni nati za kebo, ondoeni vichwa vya kebo kwenye puli. Mkifungua bolti ya katikati, shikilieni puli yenyewe isizunguke, maana nguvu ya spana ikiingia kwenye valvu iliyokwama inaweza kuikata. Halafu toeni vifuniko vya pande zote mbili. Kwenye nyingi za aina hii valvu ni vipande viwili vilivyounganishwa na bolti moja ndefu. Ikilegezwa, kipande kimoja kinatokea kushoto na kingine kulia. Kwenye hii yetu hatukuhitaji kumwaga maji ya kupozea wala kutoa kichwa cha silinda.

Ikikataa kutoka, msipige kwa nyundo ya chuma. Wekeni dizeli kidogo pande zote, funikeni, nendeni mkalale. Kesho gongeni kwa kipande cha mti, kidogo kidogo. Ile ya kina mama ilikaa na dizeli usiku mbili. Siku ya tatu ilitoka, imevaa koti la masizi unene wa ganda la yai.

KUSAFISHA NA KUKAGUA

Tumbukizeni vipande kwenye mafuta taa usiku mmoja. Asubuhi vikwangueni kwa kijiti, halafu brashi ya shaba, halafu kitambaa. Rudieni. Hii ni kazi ya subira, kama kuchambua mchele.

Ndani ya silinda kuna nyumba ya valvu, nayo ina masizi. Kabla ya kuikwangua, zungusheni injini polepole mpaka pistoni ifike juu kabisa. Hapo ubavu wake unafunika tundu la moshi na masizi hayatadondoka ndani. Mkimaliza, pangusa kabisa, puliza kwa pampu ya baiskeli, halafu pangusa tena.

Sasa kagueni. Je, ukingo wa valvu una mahali panapong'aa kama pamesuguliwa? Hiyo ni alama kwamba imegusana na pistoni, na msiirudishe kabla ya kujua sababu. Je, valvu ikiwekwa kwenye nyumba yake inacheza kama jino bovu? Imelika. Je, bolti ndefu ina meno mazuri? Bolti hiyo ikilegea safarini kipande kinaweza kushukia pistoni, na hapo ndipo mtalipa hizo elfu kumi na nane kwa haki. Mipira na sili za zamani msirudishe hata kama zinaonekana nzuri. Joto limezikausha.

KURUDISHA

Pakeni sili mpya grisi kidogo sana. Ingizeni vipande viwili, hakikisheni vimekutana sawa, kazeni bolti ndefu na mtie ile gundi ya bolti. Halafu, kabla ya kuweka chochote kingine, zungusheni valvu kwa vidole viwili. Lazima izunguke laini kama kitasa cha mlango mpya. Ikishika mahali, toeni muanze tena. Afadhali kuanza tena sasa kuliko kusukuma mlimani.

Chungulieni kwa tochi. Ikiwa imefungwa, ukingo unashuka na kufupisha tundu. Ikiwa wazi kabisa, ukingo uwe sawasawa na dari la tundu, usibaki ukining'inia. Plagi ikiwa nje, zungusheni injini polepole kwa kiki mara kadhaa, valvu ikiwa imefungwa, halafu ikiwa wazi. Msisikie kitu kugusa.

Rudisheni puli na kebo kufuata alama zenu. Kwenye puli kuna mkato au tundu dogo, na nyuma yake kwenye silinda kuna tundu jingine. Washeni swichi, acheni mota ijipanguse na itulie, halafu matundu mawili yapatane hata pini nyembamba ipite. Rekebisheni nati za kebo hapo mpaka kila kebo iwe na mchezo kidogo, kama milimita 1. Ikikazwa sana mota inachoka. Ikilegea sana valvu haifiki mwisho. Toeni pini kabla ya kuwasha! Tumeshamwona mtu aliyeisahau.

KOSA LETU

Tulisema tutaeleza juu ya uzi mwekundu. Ile pikipiki ya kina mama tuliisafisha vizuri, ikang'aa. Tukaifunga, tukaiwasha, ikawaka. Tukampa mwenyekiti wao ufunguo mbele ya watu, na chai tukanywa. Kesho yake ikarudi. Sasa ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Chini haivuti, na juu imebanwa.

Tulikaa kimya siku nzima. Tulishaanza kusema mota imekufa, kisanduku kimekufa, ziagizwe nyingine kutoka ng'ambo. Yaani tulikuwa karibu kuwafanyia kina mama jambo lile lile walilofanyiwa mjini: kutaja kitu cha bei kubwa kwa sababu hatujui. Halafu mmoja wetu akatoa ekzosi, akawasha swichi, akachungulia na tochi. Lango lilikuwa limetulia likiwa wazi, wakati lilitakiwa litulie limefungwa. Tulikuwa tumebadilisha kebo. Ya juu tuliiweka chini. Kila mota ilipofungua, lango lilifunga. Hatukuwa tumeweka alama, tukidhani tutakumbuka.

Kugeuza kebo kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Jioni ile pikipiki ilipanda mwinuko na watu wawili. Tulimwendea mwenyekiti tukamwambia kosa lilikuwa letu na kazi ya pili haina malipo. Na yule fundi wa mjini hatumwiti mwizi. Alijua pistoni, akaona pistoni. Angeuliza, au angechungulia, angeona. Na sisi vilevile.

KAZI YA KIKUNDI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pikipiki ya kikundi iwe na daftari lake. Mwandike tarehe, petroli, oili, safari na kila kilichobadilishwa. Kila mwezi legezeni kifuniko cha puli, angalieni kebo, sikilizeni mota. Mara moja kwa mwaka toeni valvu msafishe, hata kama haijalalamika. Kwa kina mama wale, mipira, sili na kazi yote havikufika elfu tatu.

Oili iwe ya tu-stroki peke yake. Pikipiki yenye tangi dogo la oili inajichanganyia yenyewe. Msiichanganyie tena ndani ya petroli, labda kama pampu yake imeharibika na fundi amesema hivyo. Kwa mashine zisizo na pampu, kama pawa so, someni kitabu chake. Kikisema 1 kwa 32, chupa moja ya soda ya mililita 300 inatosha lita 9 na nusu za petroli. Kikisema 1 kwa 50, chupa hiyo hiyo inatosha lita 15. Pimeni. Jicho linadanganya.

Na fundi akitaja pesa nyingi, muulizeni maswali mawili: "Umeonaje?" na "Utuonyeshe." Fundi mwema hakasiriki akiulizwa.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza: Je, hatuwezi kuifunga valvu isizunguke tena, tukaepuka taabu hii?
Tulijibu: Mnaweza, na wengine hufanya hivyo. Ikifungwa chini, itapanda mlima lakini haitakimbia. Kwa kubeba mzigo mlimani si vibaya wakati mnangoja mota. Lakini ifungwe na fundi anayejua, kwa namna isiyoweza kufunguka safarini.

Mzee mmoja aliuliza: Pawa so yetu ina valvu hiyo?
Tulijibu: Hapana, mzee. Lakini tundu lake la moshi na kile kiwavu cha ekzosi vinaziba kwa masizi vilevile. Ikikosa nguvu, angalieni hapo kabla ya kununua pistoni.

Kijana mmoja aliuliza: Yule dereva alikwenda wapi?
Tulijibu kwamba kina mama walikwenda kwao, saba, wakiwa na mwenyekiti wao. Walimwambia walimshuku bure, mbele ya wazazi wake, kwa maana walikuwa wamemshuku mbele ya watu. Hakukubali siku hiyo. Alikubali baada ya wiki mbili, kwa sharti kwamba afundishwe kufungua pawa valvu mwenyewe. Ndiye huyu aliyewashikia tochi tangu asubuhi. Ile katoni ya mayai ni wazo lake.

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni mashine gani ya kikundi chetu inayokula oili yake? Nani anajua kipimo chake?
2. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, tulionyeshwa kilichoharibika?
3. Kitu chetu kikiharibika, tunatafuta sababu kwanza au tunatafuta mtu kwanza?
4. Kuna mwenzetu tuliyemshuku kwa kutokujua? Tumemwendea?